Machale yakikucheza, uyasikilize au uyapuuze?

Toleo lililopita kuna dada aliniuliza kama aache kazi akauze vitenge, na mi nikiwa na haraka ya kufunga ukurasa nikamjibu mstari mmoja tu, "sikiliza moyo wako mdogo wangu." Jamani mmenisema! Mmoja kaandika "anti, moyo wangu unasema vitu viwili kwa wakati mmoja, nisikilize kipi?" na mwingine akasema moyo wake ndo uliompeleka kwa baba watoto aliyekuja kumtoroka na friji. Nimekubali, lile lilikuwa jibu la kivivu. Kwa hiyo ukurasa wote leo ni machale tu, barua tano, majina nimeyatoa.

Shikamoo anti. Nina miaka 29, niko Morogoro, harusi yangu ni wiki saba zijazo. Mchumba wangu hana tatizo, ana kazi, hanywi, kanisani anaenda, mama yangu anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Mahari wametoa nusu, kamati imeshakaa vikao vinne, ukumbi tumelipia advansi. Lakini tangu mwezi wa pili machale yananicheza, nikikaa naye tumbo linapoa tu bila sababu. Dada anasema ni woga wa bibi harusi kila mtu anaupata, na kweli mi ni muoga, mtihani wa darasa la saba niliutapikia. Nitajuaje kama haya ni machale au ni woga wangu tu? (Tumbo Baridi)

Marahaba mdogo wangu. Unakumbuka nilikurudishia meseji nikakuuliza kitu kimoja tu, mwezi wa pili kulitokea nini? Ukanijibu hakuna kilichotokea. Halafu kesho yake saa tano usiku ukanitumia sauti ya dakika sita, na umeniruhusu nisimulie: kwamba mlikwenda msibani, mzee mmoja akamshika mchumba wako mkono akamuuliza kwa mshangao "we umetoka huko lini?" na yeye akacheka, akakuvuta twende kwenye gari jua kali. Na kwamba wewe aliwahi kukwambia ile miaka mitatu alikuwa Mwanza kwenye samaki, ila siku ya kujitambulisha mjomba wako alipomuuliza akasema alikuwa Geita mgodini, ukadhani umesikia vibaya.

Sasa hapo unaniambia "bila sababu"? Sababu unayo, ni vile tu hukuiweka mezani ukaiangalia, uliimeza na ubwabwa wa msiba. Ndo maana nilikuuliza kilitokea nini badala ya kukuuliza unajisikiaje, maana hisia ukiiuliza inajisikiaje itakujibu vilevile tumbo limepoa, mnazunguka hapohapo hadi siku ya sendofu. Uliza macho na masikio. Mara nyingi machale ni kitu ambacho jicho liliona na sikio likasikia wakati wewe unashughulika na mambo mengine, mwili ukakitunza.

Kuhusu woga. Woga wako wa darasa la saba haukuwa na neno na mtihani ule hasa, ungetapikia mtihani wowote. Basi fanya hivi ukiwa peke yako: jiwazie harusi imesogezwa mwakani, bwana ni huyuhuyu. Tumbo limetulia? Kama limetulia basi shida ni sherehe, macho ya watu, usiku wa kwanza, mambo ya kawaida, dada yako yuko sahihi. Kama bado limepoa, jiwazie tena harusi ni wiki hizohizo saba, vurugu zilezile za kamati, ila bwana ni mtu mwingine ambaye historia yake yote unaijua toka mnachunga mbuzi. Tumbo likitulia hapo, basi tatizo unalijua liko wapi, na wewe wala huhitaji anti akwambie.

Lakini ngoja, usikimbilie kurudisha mahari. Machale yanakwambia hapa pana kitu, hayakwambii ni kitu gani, na hapo ndo watu wengi wanaharibu, wanashtuka vizuri halafu wanamalizia stori wenyewe kichwani, oo ana mke, oo ni jambazi. Huyo kijana inawezekana aliumwa, inawezekana alifungwa kwa kesi ya ajabu ajabu, inawezekana alifilisika akaona aibu, na aibu ya mwanaume wa kwetu kufilisika wewe unaijua. Kwa hiyo muulize, mchana, mkiwa mmekaa na soda zenu, bila kumsomea mashtaka: yule mzee alimaanisha nini? Msikilize jibu, ila muangalie zaidi anavyopokea kuulizwa. Mtu anayekuwa mkali kwa sababu mke wake mtarajiwa kamuuliza alikuwa wapi miaka mitatu, hilo nalo ni jibu.

Na mtume mjomba. Zamani posa ikija wazee walituma watu wakapeleleze ukoo, walizidisha kwa kweli, waliuliza hadi nani alikuwa na kifafa na nani mchawi, lakini swali la "huyu ametoka wapi" lilikuwa linaulizwa na mtu mzima mwenye muda. Siku hizi tumeacha tumebaki na "anaonekana kijana mzuri." Hata sheria haikukusudia mtu aolewe mbiombio, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa ili mwenye pingamizi alilete, na kanisani nako jina lenu litatangazwa Jumapili tatu kwa sababu hiyohiyo. Sheria hiyohiyo inataka kila mmoja aingie kwa hiari yake. Sijaona mahali inaposema hiari ikishalipiwa ukumbi haiwezi kutenguka.

Kamati nayo isikutishe. Mwambie mwenyekiti "tumesogeza mbele kidogo kuna jambo la kifamilia", watanuna, mmoja atadai mchango wake na utamrudishia. Kamati hailali na wewe kitanda kimoja. Nisubiri nijue alijibu nini.

Assalaam alaykum. Nimepata kazi ya duka Muscat kupitia wakala, mshahara mzuri. Nimeswali istikhara siku saba sijaota chochote, wala zuri wala baya. Je, niende? (Binti wa Tanga)

Waalaykum salaam. Mi si shehe na hili kalimalize kwa ustadhi wako, lakini nilivyofundishwa na marehemu bibi yangu, istikhara ni rakaa mbili za sunna na dua, na katika dua yenyewe unamuomba Mola kama jambo lina kheri na dini yako na maisha yako na mwisho wako akuwezeshe na akufanyie wepesi, na kama ni shari akuepushe nalo. Hapo ndoto imetajwa wapi? Watu wanaswali halafu wanalala kusubiri picha kama wanasubiri sinema, wasipoota wanasema sijajibiwa, wakiota nyoka wanaghairi, kumbe jana walikula maharage usiku.

Na bibi alikuwa anasema istikhara ina mwenzake, istishara, maana yake taka ushauri kwa wanaojua. Je umewauliza wangapi waliokwisha kukaa Muscat? Mkataba umeusoma, umeandikwa jina la duka, au jina la mtu na nyumba yake? Maana kuna wasichana wameondoka wakijua ni duka, wamefika wakakuta ni jiko. Huyo wakala ulimuuliza leseni? Nenda TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, waulize kama wanamjua. Halafu angalia kitu kimoja, akikwambia lete paspoti kwanza mkataba utakuja, roho yako itasema nini? Nadhani itasema, na hutahitaji kulala usingizi ili uisikie.

Anti mi nabeti. Kuna siku naamka roho inaniambia kabisa leo mkeka unatiki, na kweli kuna siku umetiki. Wife anasema naangamiza familia. Si umesema tusikilize moyo? (Mzee wa Mikeka, Kahama)

Nilijua utakuja. Kaka yangu, chukua daftari la mwanao, kila roho ikikwambia unatiki andika tarehe na hela uliyoweka KABLA mechi haijaanza, mwezi mzima, halafu mwisho wa mwezi mpe mkeo ajumlishe yeye. Umezikumbuka siku ulizoshinda kwa sababu ulishangilia, zile nyingine ulienda kulala ukasahau. Mkeo hajasahau kwa sababu zilikuwa hela za unga.

Aunty habari. Mimi ni mtu wa boda hapa Likoni, mwaka wa nane sasa. Kuna abiria nikimuona tu usiku nakataa kumbeba, sijui kwa nini, na mara mbili mwenzangu wa steji akambeba yule nimemkataa akaibiwa pikipiki. Kwa hivyo naamini roho yangu sana. Sasa nimepata ploti kule Kaloleni bei nafuu, nimeiona na roho imekubali kabisa, broka anasema nilipe wiki hii. Bibi yangu anataka tungoje. Nani yuko sawa? (Jicho la Usiku)

Salama kaka. Barua yako ndo iliyonifanya nifikirie kichwa cha habari cha leo, acha nijibu kwa kirefu kidogo.

Kuna bwana Mmarekani anaitwa Gary Klein, kazi yake ilikuwa kuwafuatilia watu wanaoamua haraka kazini, hasa zimamoto. Kamanda mmoja alimsimulia kwamba waliingia kwenye nyumba, moto uko jikoni, wakamwaga maji, moto haupungui. Akahisi kuna kitu hakiko sawa akawaambia vijana tokeni nje, sasa hivi, na walipotoka tu sakafu waliyokuwa wamesimama ikaporomoka, kumbe moto wenyewe ulikuwa chini, kwenye besimenti, ambayo hawakujua kama ipo. Yule kamanda mwenyewe aliamini ana uwezo wa ajabu wa kuhisi mambo. Klein alipokaa naye taratibu wakakumbushana, yakatoka haya: sebule ilikuwa na joto kuliko moto mdogo wa jikoni unavyoweza kutoa, na palikuwa kimya mno kwa moto wa joto lile, maana sakafu ilizuia sauti. Alikuwa ameona mioto mingi sana maishani, huu haukufanana, mwili ukamtoa nje kabla kichwa hakijapata maneno.

Wewe na abiria wako wa usiku ni kitu hichohicho. Miaka minane, umebeba maelfu, umeshajua mtu anayekwenda nyumbani anasimamaje, anataja bei vipi, anaangalia wapi. Yule uliyemkataa kuna kitu hakikufanana, pengine hakubishania nauli, au aliangalia kwanza pikipiki kabla hajakuangalia wewe. Huko nakuamini kabisa, na mwenzio wa steji angekuamini pia angebaki na pikipiki yake.

Maprofesa walishalipima hili kwa karata. Mwaka 1997 watafiti wa Iowa, Marekani, waliwapa watu mafungu manne ya karata wachague, mawili yalikuwa ya kuliwa hela lakini hawakuambiwa, na walipofungua karata kama kumi hivi ngozi ya mikono ikaanza kutoa jasho kila wakisogelea fungu baya, wakati wenyewe bado hawajui kuna fungu baya. Mwili ulishajifunza. Ila ona kitu, hata mwili ulihitaji kuumia kwanza kwenye zile karata za mwanzo, haukuzaliwa nao ujuzi huo.

Sasa Klein alikuwa na mpinzani wake, Daniel Kahneman, yule aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 2002, na huyu maisha yake yote alikuwa anaonyesha jinsi hisia za watu zinavyowadanganya. Wakakaa pamoja kubishana, na mwaka 2009 wakaandika kwamba wanakubaliana. Hisia ya mtu inafaa kuaminiwa pale ambapo jambo lenyewe lina mpangilio wake unaojirudia, na yeye amelifanya vya kutosha na kila mara akaonyeshwa kama alipatia au alikosea. Na wakaonya kwamba mtu kuwa na uhakika sana moyoni sio ushahidi wa kitu. (Mzee wa Mikeka kule Kahama, unasoma?)

Haya kaka yangu wa Likoni, umenunua ploti ngapi? Hii ni ya kwanza. Roho yako ina shahada ya abiria, ya ardhi haina hata cheti cha chekechea, ila kwa vile inaongea kwa sauti ileile unadhani ni mtaalam yuleyule. Kilichokubali pale Kaloleni ni macho kuona mnazi na upepo mzuri, na bei. Na ukiniuliza mimi, ukiona mtu anakuharakisha ulipe wiki hii, yale machale yako ya kweli ya usiku yangepaswa yaamke hapo, ungekuwa ni abiria anakuharakisha hivyo usingembeba.

Fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi ujue jina la nani liko kwenye taitoli, uliza majirani wa pande zote nne na mzee wa kijiji, na kama ni shamba la kilimo ujue huko kwenu Kenya bila kibali cha bodi ya ardhi mauzo hayasimami kisheria, utabaki na karatasi ya broka. Mkeo yuko sawa. Na umwambie nimesema, umpunguzie kidogo kazi ya kukushawishi.

Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima, Dodoma. Binti yangu ameleta kijana wa kabila fulani, nilipomuona tu roho ilimkataa, na roho yangu haijawahi kunidanganya toka nizaliwe. Binti analia, baba yake amenyamaza. Nimwambieje anielewe? (Mama Mwenye Uchungu)

Shikamoo mama. (Kabila nimelitoa mimi, mama alilitaja, na alilitaja mara nne kwenye barua ya ukurasa mmoja.)

Mama yangu nitasema kwa heshima zote, na ukinichukia nitaelewa. Nilivyomuuliza Tumbo Baridi hapo juu nakuuliza na wewe, uliona nini? Nimeisoma barua mara tatu. Hakuna mahali umesema kijana alimjibu mtu vibaya, alichelewa, alidanganya, alikuja amelewa. Umesema watu wao wanajulikana, na kwamba dada yako aliolewa huko akateseka. Basi kilichomkataa ni yale mateso ya dada yako, kijana mwenyewe roho yako haijakutana naye bado. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wazee walisema, na kushtuka kwenyewe ni kwa kweli, moyo unaenda mbio kabisa, ila unyasi ni unyasi.

Na hilo la haijawahi kunidanganya... mama, ungejuaje? Wale uliowakataa hukuishi nao ukaona kama walikuwa wema. Waliondoka, ukabaki na ushindi.

Sikwambii umkubali. Mwite tena, asije na wazee, aje peke yake siku ya kazi, umtume sokoni na umkalishe jikoni akumenyee vitunguu, muulize habari za mama yake, mchelewesheeni chakula makusudi muone hasira zake. Mpe mwezi mmoja au miwili ya kumuona mara kwa mara. Baada ya hapo ukisema roho haimtaki, binti yako atakuuliza kwa nini na utakuwa na kitu cha kumjibu, na huenda ukawa sahihi, mimi sijui.

Nakwambia haya kwa sababu yalinikuta. Mdogo wangu alimleta mchumba, mi nikamkataa kabla hajamaliza kusalimia, nikamwambia mdogo wangu machale yamenicheza huyu sio mtu. Alilia wiki nzima. Harusini nilikwenda na sura ya msibani, picha zipo. Ilinichukua kama mwaka na nusu kugundua kilichonishtua ni kicheko, alikuwa anacheka kama mwanaume mmoja aliyeniacha mimi zamani na ujauzito, kuinua mabega vilevile. Basi. Yaani kwa mabega tu.

Baba alipopata kiharusi tulikuwa tunakaa ghorofa ya tatu, umeme umekatika, na huyohuyo shemeji ndiye aliyembeba mgongoni ngazi zote hadi kwenye teksi, na hospitali alilala kwenye benchi siku nne wakati mi niko safarini. Nilimuomba msamaha, akainua mabega akacheka. Ila simu yangu mpaka leo kaisevu "Machale", na mdogo wangu anasema hataki kuibadilisha.